Shamba la chuo lisiwe na wasemaji wengi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wakuu wa vyuo vyetu vinavyofundisha kilimo wanaweza kulirekebisha kabla ya mvua za vuli zijazo, bila kusubiri bajeti mpya wala mfadhili. Nimestaafu baada ya kufanya kazi kwa miaka mingi nikiwa msimamizi wa kazi za shambani katika chuo kikuu kimoja ambacho sitakitaja, kwa kuwa niliyoyaona pale nimeyasikia pia kwa wenzangu wa vyuo vingine, na sina ugomvi na walioniajiri. Jambo lenyewe ni namna tunavyowapokea na kuwapangia kazi vijana wanaojitolea katika mashamba ya kufundishia.

Vijana hao ni wengi na wana moyo. Wamo wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaotaka kushika jembe kabla zamu yao ya mafunzo kwa vitendo haijafika, wamo wahitimu wasio na ajira wanaotafuta uzoefu na barua ya kuwatambulisha, na wamo waliomaliza kidato cha sita ambao wanasubiri matokeo na hawataki kukaa nyumbani. Wanakuja na chupa zao za maji, wengine kwa nauli zao, na hawadai chochote. Ninachokiona kibaya ni kwamba watu wa namna hiyo tunawaita kwa wingi, kisha tunawaacha shambani bila mtu mmoja anayejua kila kundi limetumwa nini, wapi na nani.

Nitatoa mfano mmoja, maana unaniuma hadi leo. Masika moja mwanafunzi wa shahada ya uzamili alipanda jaribio la mahindi ili apime jinsi yanavyoitikia viwango vinne vya mbolea ya urea, kimojawapo kikiwa sifuri, na kila kiwango alikirudia mara tatu. Vilikuwa vipande 12, kila kipande mistari minne yenye urefu wa mita tano, nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina, na kila kipande kilikuwa na kigingi chenye namba. Alhamisi alasiri yeye na wenzake wawili waliweka mbolea ya kukuzia kwa vipimo vyake, wakaifukia. Jumamosi asubuhi lilikuja kundi la vijana zaidi ya 30 walioitwa na mhadhiri mwingine kwa ajili ya shamba la mahindi ya kuuza, lililopakana na jaribio hilo pasipo hata kamba katikati. Mimi nilikuwa mjini kufuata vipuri vya trekta. Mtunza stoo aliwapa mifuko ya urea na visoda vya kupimia, akawaonyesha shamba kwa kidole, nao wakaanzia upande wa jaribio. Walipita vipande vyote 12, kisoda kimoja kila shina, na kazi yao ilikuwa safi.

Niliporudi saa nane mchana nilipiga magoti kwenye kipande namba 7, ambacho hakikupaswa kupata hata punje moja, nikafukua udongo kwa kidole kando ya shina la kwanza na kukuta chembe nyeupe zimeanza kuyeyuka. Nikafukua shina la pili, kisha la tatu, zimo. Mwenye jaribio alikuwa amesimama nyuma yangu na hakusema neno. Urea ikishayeyuka kwenye udongo wenye unyevu huwezi kuichambua na kuirudisha mfukoni, na mahindi ya masika huwezi kuyapanda tena Mei. Ilimbidi asubiri mwaka mzima.

Vijana wale hawakuwa na kosa, na siwezi kumtupia lawama mtunza stoo, ambaye aliombwa mbolea na mtu mwenye ruhusa ya kuiomba. Kosa lilikuwa letu tuliopaswa kupanga. Siku hiyo shamba moja lilikuwa na wasemaji watatu: mhadhiri aliyeita watu, mwanafunzi kiongozi aliyetuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp, na mimi niliyeamini kwamba hakuna atakayefika Jumamosi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na shambani mrama huo hauonekani siku ileile.

Shida ya pili ni kalenda. Katika maeneo yenye misimu miwili ya mvua, vuli huanza kunyesha Oktoba au Novemba, wakati ambao wanafunzi ndio kwanza wanaripoti chuoni na kuhangaikia usajili na vyumba. Mitihani ya muhula wa kwanza kwa kawaida huangukia Februari au Machi, wakati wa kuandaa shamba la masika na kupanda. Mahindi ya masika yanapokauka, Julai na Agosti, mabweni huwa yamebaki matupu. Mimea haijui ratiba ya mitihani. Ndiyo maana siku ya kupanda, ambayo huwa na viongozi, wapiga picha na hotuba, nilikuwa nikipata vijana 80, na palizi ya pili nikiwatafuta sita bila kuwapata. Kila aliyelima anajua kwamba mahindi huumizwa zaidi na magugu katika wiki za mwanzo, kwa hiyo mtu mmoja anayekuja wiki ya tatu na ya tano ni msaada mkubwa kuliko kumi wanaokuja siku ya sherehe. Watu wa kujitolea waalikwe kwa kazi iliyopo, katika juma ambalo kazi hiyo inahitajika, na idadi inayotosha majembe yaliyomo stoo.

Wako wahadhiri wanaosema kwamba mtu aliyejitolea huwezi kumpangia wala kumdai, kwa sababu humlipi. Sikubaliani nao. Nilikulia Upareni, katika milima ya Same, ambako mifereji ya kumwagilia na mabwawa yake tunayoyaita ndiva yametunzwa miaka na miaka kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji. Hakuna aliyelipwa, lakini mbiu ilipigwa jioni ya kuamkia kazi, kila kaya ilijua sehemu yake ya mfereji, mzee mmoja ndiye aliyesema anzeni na ndiye aliyesema inatosha, na asiyefika bila udhuru alitozwa. Watu hawakuukimbia msaragambo kwa sababu ya utaratibu huo. Waliuheshimu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kupoteza asubuhi yake akizibua mfereji ambao mwenzake alishauzibua jana.

Basi ninachoomba ni kwamba kila shamba la chuo liwe na mtu mmoja, awe mwalimu, fundi sanifu au bwana shamba, ambaye neno lake ndilo la mwisho kuhusu nani anaingia na kufanya nini, na kwamba hata profesa mwenye jaribio lake apitie kwake. Mtu huyo awe na daftari moja linalokaa stoo na lisilotoka stoo, ambamo kila kundi likimaliza kazi linaandika tarehe, kipande, kazi iliyofanyika, kiasi cha mbolea au dawa, na jina la aliyesimamia. Tungekuwa na daftari hilo, mtunza stoo angeona maandishi ya Alhamisi na kuuliza swali kabla hajafungua mfuko. Kundi la WhatsApp halitoshi, kwani ujumbe wa Alhamisi unafunikwa na salamu na matangazo ya misiba kabla Jumamosi haijafika, na namba za simu za waliohitimu huondoka nao.

Katika suala la viuatilifu nasema kwa mkazo zaidi. Mtu wa kujitolea ambaye hajafunzwa asibebeshwe bomba la kupulizia, hata kama anaomba mwenyewe, na hata kama dawa iliyomo ina lebo ya kijani, yaani ya kundi lenye sumu ndogo. Nimewahi kuwazuia vijana waliokuwa wameinama kuchuma mchicha kwenye tuta lililopuliziwa siku moja kabla. Hawakujua, kwa kuwa hapakuwa na kibao wala kitambaa chekundu pale, na aliyepulizia alikuwa amekwenda likizo. Lebo ya kila kopo inaeleza siku za kusubiri kabla ya kuvuna, lakini kopo lilikuwa limefungiwa stoo na mchicha ulikuwa shambani.

Kazi nzuri za kuwapa zipo tele. Tangu viwavijeshi vamizi viingie nchini mwaka 2017, shamba la mahindi linahitaji macho kuliko jembe, kwa sababu kiwavi lazima agunduliwe akiwa mdogo, kabla hajaingia kwenye kiini cha mmea ambako dawa haimfikii vizuri. Vijana wanne waliofundishwa asubuhi moja kutambua vitobo vya mwanzo kwenye majani, wakawa wanapita shamba lilelile mara mbili kwa juma na kuandika walichoona, wanajifunza zaidi na kusaidia zaidi kuliko 40 waliopewa majembe na kuambiwa walime tu. Chai na uji visisahauliwe, na barua ya kuthibitisha kazi waliyoifanya wapewe bila kuzungushwa ofisi hadi ofisi.

Vyuo vyetu vya kilimo vilikuwa na mashamba kabla ya kuwa na shahada. Egerton ya Njoro, huko Kenya, ilianza mwaka 1939 ikiwa shule ya kilimo, ikaja kuwa chuo kikuu mwaka 1987. Morogoro nako kilianza chuo cha kilimo mwaka 1965, baadaye kikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mwanafunzi anayeona shamba la chuo linaendeshwa ovyo atajifunza uovyo huo, na ataupeleka kwa wakulima wa kata atakayopangiwa kuwa afisa ugani.

Yule mwanafunzi wa uzamili alirudia jaribio lake masika iliyofuata. Safari hiyo tulizungusha kamba kwenye vipande vyake 12, na pembeni tukatundika kibao chenye jina la msimamizi mmoja na namba yake ya simu. Vijana wanne kati ya wale wa Jumamosi walikuja kwangu wenyewe, wakaomba wapewe kazi ya kukagua viwavi humo. Walikuja kila Jumanne na Ijumaa, wakasaini daftari, mpaka mahindi yalipotoa mbelewele.

Msimamizi mstaafu wa shamba,
Same, Kilimanjaro