Tairi kabla ya Kitonga

Ndugu zangu, habari za asubuhi. Tunaoshuka mteremko mkali wa Kitonga, kule Iringa, Jumamosi, naomba leo tukague tairi. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, tafuta tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba inaweza kuwa na kashata (meno ya tairi) nzuri kumbe mpira umeshakauka na kupasuka nyufa. Hiyo naiogopa kuliko kipara, maana kipara kila mtu anakiona.

Upepo pimeni tairi zikiwa baridi, mkifuata kibandiko cha mlango wa dereva. Namba ya upepo iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo tu. Mteremkoni, gia nzito (ya namba ndogo) tangu juu, breki zisiungue.

Mwenye tairi mbovu aniambie mapema, tumtafutie nafasi kwenye gari lingine.