Tangazo la mpiga kura likae mwanzo wa foleni

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kuifikishia Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ombi moja: tangazo la maelekezo kwa mpiga kura liwe sharti la kufungua kituo, sawa na lile sanduku tupu wanaloonyeshwa mawakala kabla ya kutiwa lakiri.

Si kwamba mabango hayapo. Shida ni yanakobandikwa. Huku Kigoma vituo vingi huwa kwenye shule za msingi, na karatasi hubandikwa mlangoni mwa darasa. Mlango ukishafunguliwa saa 1:00 asubuhi na kuegemezwa, maandishi yanatazama ukuta mpaka saa 10:00 jioni. Mengine huwekwa ndani, nyuma ya meza ya msimamizi wa kituo. Anayeyasoma hapo ameshapanga foleni, na kama foleni haikuwa yake anarudi kuanza upya. Ya nje hugandishwa kwa uji wa unga kwenye ukuta wenye vumbi. Oktoba mvua zinaanza, karatasi inalowa na kudondoka. Isipodondoka, mbuzi wanaufuata ule uji.

Dawa yake si ghali. Karatasi ya A2 (ukubwa wa A4 nne) igongwe kwenye ubao mwepesi, ifunikwe nailoni angavu, kisha ubao ufungwe kwa kamba kwenye nguzo ya baraza, pale foleni inapoanzia. Ukingo wa chini uwe mita moja kutoka ardhini ili hata aliye kwenye baiskeli ya magurudumu matatu asome. Kichwa cha habari kiwe na herufi za milimita 25, maelezo yasipungue milimita 8. Herufi za barua ya ofisini hazisomeki ukiwa na watu wawili mbele yako.

Penye vituo kadhaa katika shule moja, ubao mwingine ukae getini ukionyesha kila kituo kiko darasa lipi na kina majina ya kuanzia herufi gani. Useme pia kama herufi hiyo ni ya jina la kwanza au la ukoo. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, na karani mwongozaji mmoja hawezi kumjibu kila mtu.

Maelezo yenyewe yawe machache. Saa za kufungua na kufunga, na kwamba aliyekwishapanga foleni saa 10:00 jioni ana haki ya kupiga kura. Mvuvi wa dagaa aliyekesha ziwani akarudi kulala asubuhi anaihitaji sana sentensi hiyo. Mambo yanayoharibu kura: kuweka alama ya vema kwa zaidi ya mgombea mmoja, au kuandika jina lako kwenye karatasi. Asiyeona au asiyejua kusoma aelezwe kuwa anaweza kuja na mtu anayemwamini, na kwamba wakala wa chama hawezi kuwa mtu huyo. Wazee, wajawazito, wagonjwa, wanaonyonyesha na wenye ulemavu hawapangi foleni. Hili likiandikwa wazi ugomvi unapungua, maana karani anaonyesha ubao badala ya kubishana. Na iwekwe karatasi ya mfano ya kura, yenye neno MFANO limekatiza juu yake, bila majina ya wagombea halisi.

Marekani, baada ya mkanganyiko wa kura za urais za Florida mwaka 2000, sheria ya mwaka 2002 ilitaja moja baada ya jingine mambo ambayo kila kituo kinapaswa kuyabandika siku ya uchaguzi wa shirikisho: karatasi ya mfano, tarehe na saa, namna ya kupiga kura, maelekezo kwa waliojiandikisha kwa posta na wanaopiga kura kwa mara ya kwanza, haki za mpiga kura, na makatazo ya udanganyifu. Hatulazimiki kuiga orodha hiyo yote. La kuiga ni kwamba imeandikwa kwenye sheria, haikuachwa kwa hiari ya msimamizi.

Kwa hiyo kanuni itaje vipimo, mahali na muda: ubao uwe umefungwa jioni ya kuamkia siku ya kura, msimamizi na mawakala waliopo wasaini kuwa wameuona kabla ya kituo kufunguliwa, na mvua ikiuharibu uwepo wa akiba. Hakuna haja ya kungoja uchaguzi mkuu wa 2030. Chaguzi ndogo za udiwani zina vituo vichache, na ndiyo mahali pa kuujaribu utaratibu huu.

Wasomaji wako,
Kigoma