Mwanangu, mkia usiwe mzito

Mwanangu,

Assalaamu alaykum. Kisanduku cha roketi ya mfano kimeshafika Wete, na najua mikono inakuwasha. Kabla hujafungua gundi, panga vipande vyote mkekani uvihesabu: bomba la karatasi, pua, kidungu cha mota (kibomba kinachoshika injini ya baruti) na pete zake, ubao mwepesi wa balsa, kamba ya mpira, parachuti, na kile kirija kidogo kinachopita kwenye fimbo ya kurushia.

Kila tone la gundi na kila mkono wa rangi unaoweka nyuma unaongeza uzito mkiani. Roketi yenye mkia mzito haipandi, inapinduka hewani. Basi tumia kidogo.

Mapezi, yale mabawa madogo ya mkiani, ndiyo kazi yenyewe. Balsa ina nyuzi. Kata pezi nyuzi zifuate ukingo wa mbele. Zikikatiza, pezi litameguka shinani siku ya kwanza kutua. Yabane yote pamoja uyapige msasa kama pezi moja, ndipo yatalingana. Ukingo wa mbele uviringishe, lakini upande wa kugandisha uache bapa. Kupata mstari ulionyooka, laza bomba kwenye kona ya mwimo wa mlango uburute penseli.

Gundi nyeupe yatosha. Paka kwenye mstari na kwenye shina la pezi, acha dakika chache, paka tena kidogo, kisha shikilia kwa nusu dakika. Ikishakauka, pitisha kidole chenye gundi kwenye kona zote mbili, bomba likiwa limelala. Ukijaza kona kwa mara moja, gundi husinyaa na kuacha mapovu.

Kidungu cha mota kinataka ujasiri. Gundi ndani ya bomba hukamata ghafla, kwa hiyo paka ya kutosha usukume moja kwa moja. Ukisimama katikati kutazama, kitabaki hapo hapo.

Kuhusu rangi, usipulize masika, wala jioni umande ukianza. Unyevu ukiingia, rangi inapauka kama iliyomwagiwa maziwa. Subiri siku kavu, saa nne asubuhi, mahali pasipo vumbi. Kwanza ziba nyuzi za balsa kwa puti laini iliyozimuliwa maji, piga msasa namba 220, halafu 400, mpaka kucha ikipita isikwame. Sehemu kubwa ya puti irudi chini kama vumbi. Kisha praima, yaani rangi ya msingi, msasa tena, na rangi nyeupe kabla ya nyekundu. Puliza kwa umbali wa sentimita 25, mikono myepesi mitatu. Mmoja mzito utachuruzika. Shingo ya pua izungushie karatasi ya gundi isipate rangi, kwa sababu pua ikibana parachuti haitoki.

Rangi ikikauka, pima. Tia mota na parachuti, bila kiwashio, ufunge uzi pale roketi inapolala sawa. Zungusha uwanjani. Pua ikitangulia, vyema. Ikienda ubavu, ongeza plastisini ndani ya pua, kidogo kidogo, ujaribu tena.

Mota ina baruti. Usiifungue, usijaribu kuunda yako, na hakuna kurusha kabla ya idhini. Kanuni za usalama za Marekani zinataka uwanja wenye upande wa mita 60 kwa mota ya B na 120 kwa C (herufi hizo hutaja nguvu ya mota), kwa hiyo uwanja wa mpira unafaa B tu. Hata hiyo, nenda mapema kabla upepo haujapanda, minazi isije ikala parachuti. Parachuti ya nailoni hunata kwa joto letu. Ipake poda ya mtoto, na chini yake weka karatasi zisizoshika moto zilizomo kisandukuni, si karatasi ya chooni. Washa kwa waya wa betri, ukiwa mita 5 nyuma.

Ukishaizungusha kwa uzi, niandikie ni sentimita ngapi kutoka ncha ya pua hadi pale ulipofunga.

Baba yako,
Unguja