Shangazi, kabla hujachimba msingi

Shangazi yangu, shikamoo.

Juzi kwenye simu uliniuliza: kwa mafao yako ya ualimu, ujenge nyumba moja nzuri ya vyumba vitatu yenye uzio, au upandishe ghorofa la apatimenti sita kwenye kile kiwanja cha Kigamboni? Sikukujibu vizuri. Umeniruhusu nijibu hadharani, maana wastaafu wenzako wengi wana swali hilohilo.

Nyumba moja ina raha yake. Mpangaji ni familia moja, uwanja wanafagia wenyewe, na hakuna wa kukupigia simu usiku kuhusu nani kamaliza maji ya tangi. Lakini wakihama, kipato chote kimehama nao. Ile yangu ya Mbezi ilikaa tupu miezi mitano. Madalali walileta watu kila wiki, wote wanataka kulipa miezi mitatu mitatu, mimi nang'ang'ania sita, huku mchwa wanakula fremu za milango. Nililia, Shangazi. Ada ya mwanangu ilitegemea kodi ile.

Kwa hiyo naelewa kwa nini apatimenti zinakuvutia: mmoja akiondoka, watano wamebaki. Hesabu hiyo ni ya kweli. Kinachonitisha ni safari ya kufika huko. Kupima udongo, michoro ya mhandisi, kibali, nondo, zege la kila sakafu. Yote hayo unalipa kabla hujapokea kodi ya mtu hata mmoja. Fedha ikiishia kwenye nguzo, utazeeka unatazama nguzo. Na fundi akikwambia mhandisi ni gharama ya bure, mfukuze. Mwaka 2013 jengo la ghorofa 16 liliporomoka katikati ya Dar es Salaam, Novemba 2024 likaanguka lingine Kariakoo, na watu walikufa.

Kuna na madogo. Shimo la maji taka la familia sita hujaa upesi. Kodi ya jengo, inayokatwa kwenye luku tangu 2021, mijini ghorofa hutozwa kwa kila sakafu. Na ukipata shida huwezi kuuza apatimenti moja hivihivi. Lazima kwanza jengo ligawanywe hati kwa sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya 2008.

Mimi ningejenga nyumba ndogo nne za chini, kila moja na chumba, sebule, jiko, choo na luku yake. Ningeanza na mbili tu, kodi yake ije kujenga zilizobaki. Mmoja akihama, hulali njaa. Na fedha ya matibabu yako ibaki benki, tafadhali, usiiguse hata kwa mfuko mmoja wa saruji.

Jumamosi navuka kuja huko na mtu wa kupima udongo. Usimlipe fundi chochote kabla sijafika.

Mwanao.