Dawa ya ngiri haizibi tundu kwenye msuli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie wanaume wenzangu wa Dodoma kuhusu ngiri ya kinena.

Nimekuwa karani wa mizani katika soko la mahindi la Kibaigwa kwa miaka mingi, na nimewaona wabeba magunia wakijifunga vitambaa kiunoni ili kuzuia uvimbe unaoshuka kinenani, kisha jioni wakinunua mizizi inayonadiwa kuwa ni dawa ya ngiri. Neno lenyewe limetuponza. Tumbo likiunguruma tunasema ngiri, kiuno kikiuma ni ngiri, hata nguvu za kiume zikipungua ni ngiri hiyo hiyo, na muuzaji ana chupa moja kwa yote. Ngiri anayoizungumzia daktari ni upenyo katika ukuta wa misuli ya tumbo, ambamo mafuta au utumbo hujipenyeza. Kwa mtu mzima upenyo huo haujifungi wenyewe, wala hakuna mzizi unaouziba.

Wengi wanaogopa kisu, na kwao upasuaji wa matundu madogo ni habari njema. Katika njia hiyo daktari hutoboa kwa kawaida matundu matatu, hujaza hewa ya kabonidayoksaidi ili apate nafasi, huingiza kamera na vyombo vyembamba, kisha hutandaza wavu wa kitabibu wa kuziba upenyo nyuma ya misuli. Maumivu ya siku za mwanzo hupungua na mgonjwa hurudi kazini mapema, jambo kubwa kwa anayelipwa kwa gunia. Aliye na ngiri pande zote mbili hutengenezwa kupitia matundu yale yale, na aliyerudiwa na ngiri baada ya kupasuliwa kwa njia ya kawaida ya kuchanwa kinenani hutibiwa bila daktari kupita tena kwenye kovu la zamani.

Hata hivyo, njia hii huhitaji nusu kaputi, vifaa vya gharama na daktari aliyeizoea, kwa hiyo asiyeipata asikae nyumbani akiingoja. Upasuaji wa kawaida wa kuweka wavu ni mzuri pia, na huweza kufanywa kwa ganzi ya sehemu tu. Jirani zetu wa Uganda walionyesha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, kwamba wavu wa bei nafuu wa kitambaa cha chandarua, uliotakaswa kitaalamu, haukupitwa na ule ghali wa kiwandani katika mwaka wa kwanza baada ya upasuaji.

Naziomba hospitali za mkoa wetu zibandike katika zahanati na masoko bei ya kila njia na siku za kliniki ya upasuaji. Tangazo hilo lieleze pia kwamba uvimbe ukikataa kurudi, ukawa mgumu na wenye maumivu makali, au mgonjwa akianza kutapika, utumbo huenda umebanwa na kukosa damu. Mwenzetu mmoja alifikishwa hospitali akiwa katika hali hiyo baada ya siku mbili za kunywa mizizi, na ilibidi akatwe sehemu ya utumbo.

Karani wa mizani,
Kibaigwa, Kongwa