Asiyejua anachohisi si mkaidi

Mhariri,

Ripoti yenu ya juma lililopita kuhusu walevi wanaotibiwa hapa Mombasa imenitoa kwenye kimya cha miaka. Mliandika kwamba wakiulizwa wanahisi nini hujibu "sijui" na kuinamisha kichwa, mkauita ukaidi. Hali hiyo ina jina: aleksithimia. Neno hilo lilibuniwa na daktari Peter Sifneos huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa mizizi ya Kigiriki yenye maana ya kukosa maneno ya moyo.

Juzi huku Kisauni, kwenye kituo ambacho sikitaji, mshauri alimuuliza baba mmoja aliyekuwa na siku nne tu tangu aache mnazi: "Unajisikiaje mkeo alivyoondoka?" Akajibu, "Kifua kinabana, mikono inatetemeka. Labda malaria." Kwenye faili akaandikiwa: hashirikiani. Lakini huyo alijibu vizuri kabisa! Alisema alichokisikia. Kutetemeka huanza saa chache baada ya bilauri ya mwisho, na siku ya nne arosto, yaani taabu ya mwili unaodai pombe, bado inaweza kuwa imemshika. Hofu, njaa, huzuni na arosto zote zinampiga pale pale kifuani, na kwa miaka kila pigo lilijibiwa kwa pombe, basi lini angejifunza kuzitenganisha? Hata lugha yetu haimsaidii: twasikia baridi, twasikia homa, twasikia uchungu, na uchungu wenyewe ni wa kidonda na ni wa msiba. Lile dodoso la Toronto la kupimia aleksithimia, lenye kauli 20, ambalo alama 61 kwenda juu ndiyo dalili yake, likijazwa juma la kwanza hupandishwa na wasiwasi wa arosto. Mpeni mtu majuma matatu au manne bila pombe kwanza.

Na mangwe, hivyo vilabu vya mnazi, zinazofunguliwa asubuhi, karibu na shule, nani anaziangalia? Sheria ya vileo ya 2010 ilitaka baa zingoje saa 11 jioni siku za kazi. Mtu anatoka kituoni saa 3 asubuhi na mtungi unamngoja.

Vituo vinunue madaftari. Mara tatu kwa siku, kabla ya chai, baada ya alasiri na kabla ya kulala, mgonjwa ajaze safu nne: kimetokea nini, nasikia wapi mwilini, nguvu yake kati ya 0 na 10, na jina lake. Aanze na maneno sita: hofu, hasira, huzuni, haya, upweke, furaha. Juma la pili hasira igawanywe: hamaki, kinyongo, ghadhabu. Jina lisipokuja, safu ibaki wazi. Msimtilie neno mdomoni, maana atakubali lolote mtakalompa.

Jamaa nao waelezwe kwamba wengi wa hawa husoma nyuso vibaya, na uso uliochoka wanaweza kuuona umekasirika. Mke akivuka feri ya Likoni wakati wa magharibi na kufika nyumbani hoi, aseme pale mlangoni: "Nimechoka, sijakukasirikia."

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Kisauni, Mombasa