Paka wa Nairobi hana msimu wa kupumzika

Hapa kliniki kwetu Umoja, swali tunaloulizwa kuliko yote huja na paka ndani ya kiondo: "Daktari, huyu si bado ni mtoto?" Ana miezi sita. Tunampapasa tumbo, na si mara moja wala mbili tumekuta mtoto huyo ana watoto wake ndani.

Paka jike huongozwa na mwanga. Kule Ulaya siku zikifupika wakati wa baridi, mwili wake hutulia na joto, yaani hamu ya kupandwa, haliji. Sisi tuko karibu na ikweta: mchana ni saa kumi na mbili hivi Januari, na Julai ni vilevile. Kwa hiyo paka wa hapa anaweza kuingia joto mwezi wowote. Wengine huanza wakiwa na miezi minne tu, na asipopandwa, joto hurudi baada ya wiki mbili tatu. Mimba yake ni ya wiki tisa hivi. Halafu anaweza kubeba nyingine akiwa bado ananyonyesha.

Usingoje kuona damu, paka hatoi damu kama mbwa. Utamwona akijibiringisha sakafuni, akiinua kiuno ukimgusa mgongoni, na akilia usiku hadi jirani wa juu aanze kugonga ukuta. Wengi hutuletea wakidhani anaumwa na tumbo.

Ndiyo maana tunashauri afungwe kizazi akiwa na miezi minne, kabla hajamaliza wa tano. Umri mwenyewe hatuuamini sana, hasa kwa paka wa kuokotwa ambaye hakuna anayejua alizaliwa lini, hivyo tunampima kwenye mizani na kumtazama meno. Mwenye afya huwa na kilo mbili hivi akiwa na miezi minne. Aliyedhoofika, anayeharisha au mwenye minyoo tunamtibu kwanza, kisha tunampa tarehe nyingine.

Kuna wanaosema lazima azae mara moja ndipo atulie. Hatujui imani hii ilitoka wapi, lakini haina faida yoyote kwa paka. Uvimbe wa matiti kwa paka mara nyingi huwa ni saratani, na jike aliyefungwa kizazi kabla ya joto la kwanza hupunguziwa sana hatari hiyo. Akizaa kwanza, ameshapoteza sehemu kubwa ya kinga hiyo.

Dume ni rahisi na bei yake ni ya chini, kwa kuwa hatufungui tumbo, mradi kende zote mbili ziwe zimeshuka. Mlete umri uo huo, kabla hajaanza kurusha mkojo kwenye kochi, maana harufu ile ikishaingia kwenye sponji, utalitupa kochi. Dume asiyehasiwa pia hurudi alfajiri na majeraha ya kung'atwa, na kung'atwa ndiyo njia kuu ya kueneza virusi vinavyovunja kinga ya paka. Virusi hivyo havimpati binadamu. Ukishamhasi dume mkubwa, mtenge na majike kwa mwezi mmoja hivi, kwa sababu mbegu zilizobaki bado zinaweza kutia mimba.

Kama jike wako ameshazaa, subiri watoto waache kunyonya, wakiwa na wiki nane hivi, na maziwa yakauke. Katika muda huo asitoke nje hata kidogo.

Usimlaze paka mchanga na njaa usiku kucha kabla ya upasuaji, sukari yake ya mwili hushuka haraka. Tutakupigia kukuambia saa ya kuondoa chakula. Huwa ni saa chache tu, na maji yabaki. Baadaye avae kola asilambe mshono, asirukeruke kwa siku kumi hivi, na omena umpunguzie kidogo, kwa kuwa paka aliyefungwa kizazi hunenepa upesi.

Tunapasua Jumanne na Alhamisi asubuhi. Njoo na kikapu kinachofungika. Kiondo ni kizuri kwa sukuma wiki, lakini paka akiponyoka stejini, matatu zikipiga honi, hata sisi hatutamshika.